Kinanda cha kanisa kimeletwa karakanani kwangu, eti kilikuwa cha Askofu Steere. Wajuzi nisaidieni

seremala_wa_mtoni (mwanzisha uzi), Alkhamisi saa 3 usiku

Assalaam alaykum, na habari za usiku wakubwa zangu.

Mimi ni seremala, karakana yangu ipo Mtoni. Kazi zangu milango, makabati, marufaa za kuwekea msahafu, na kitanda cha samadari mara moja moja akitokea mwenye nazo. Juzi wamenijia wazee wawili na gari ya mizigo, wameniletea kinanda cha kanisa lao. Ni kanisa dogo la shamba, jina sitalitaja kwa sababu wenyewe hawajaniruhusu.

Kinanda chenyewe si cha mabomba. Ukikiona utadhani kabati la vyombo: kimo kinanifika kifuani, vibonyezo 61 kwa hesabu yangu, chini makanyagio mawili yaliyovishwa zulia, na juu ya vibonyezo kuna vifundo tisa vya kuvuta. Vimeandikwa kwa herufi za mapambo: Diapason, Dulciana, Vox Humana na vyengine ambavyo wino umefutika. Jina la mtengenezaji hakuna. Pahala pake pana matundu mawili ya skrubu tu, kibati kishang'olewa zamani.

Nilichoambiwa nifanye ni kubadilisha ubao wa nyuma na miguu iliyoliwa na mchwa. Lakini wazee wanasema kinanda hichi kilikuwa cha Askofu Steere, yule aliyejenga kanisa la Mkunazini. Yupo mtu anataka kukinunua akaweke hotelini, kiwe pambo la pale mapokezi. Kanisani wamegawanyika. Wengine wanasema kiuzwe wapate kibodi cha umeme, wengine wanasema mali ya Askofu haiuzwi. Na mimi kwa ujinga wangu nimewaambia: nipeni wiki moja nikitizame, mbao zina maneno yake.

Sasa nimekwama. Mimi ni Muislamu, tena sijui hata kibonyezo kipi kinaitwa nini. Mtu atajuaje umri wa kitu hichi?

---

Mla_Urojo

Yakhe kiuzwe tu. Kila kitu cha zamani hapa Unguja kilikuwa cha Askofu, cha Sultani au cha Livingstone. Hata stuli ya babu yangu alikalia Livingstone, na babu kainunua Darajani.

---

mtembeza_wageni

Mla Urojo umenichekesha, lakini umesema kweli. Mimi natembeza wageni Mji Mkongwe, habari hizi nazisimulia kila siku mpaka naziota.

Fundi, nikupe mpangilio wa mambo kwanza, baadaye upime mwenyewe. Askofu Tozer na Steere walifika Unguja 1864. Misheni yao ilikuwa imetoka kuvunjikia kule bara, mto Shire, ambako askofu wa kwanza, Mackenzie, alifariki 1862. Kwa hiyo walikuja hapa kuanza upya, na walianza na watoto wachache waliokamatwa katika majahazi ya watumwa wakakabidhiwa kwao na Sultani Majid. Kanisa la jiwe halikuwepo. Lilianza nyumbani, na hao watoto ndio skuli, ndio kwaya, ndio waumini wenyewe.

Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa Juni 1873. Misheni ikapata kiwanja cha soko la Mkunazini, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Wengi husema aliliweka Askofu Steere, lakini wakati huo hakuwa askofu bado, uaskofu aliupata 1874. Ujenzi aliusimamia mwenyewe. Lile paa ni kuba moja refu la mawe ya matumbawe na saruji, halina boriti hata moja, na watu walikuwa wakisubiri liwaangukie. Halijaanguka mpaka leo. (Beit al-Ajaib sehemu yake imeporomoka Krismasi ya 2020, na hiyo wakati inajengwa hakuna aliyeitilia shaka.) Steere akafariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Juu ya kinanda: Mkunazini kuna kinanda cha mabomba, kazi ya Henry Willis wa Uingereza. Ni karakana ileile iliyotengeneza kile kikubwa cha Royal Albert Hall, London, 1871. Kwa hiyo wakikwambia "kinanda cha kanisa la Steere", mgeni atafikiria kile. Hichi chako ni jamaa mwengine kabisa.

---

Ndimi_za_Shaba

Salaam kutoka Dar. Mkuu, mimi napiga kinanda kanisani miaka mingi na vya kukanyaga nimevifungua vitatu. Naomba kabla ya kugusa mchwa ufanye jambo moja dogo.

Vinanda hivi havina nyuzi wala mabomba. Vinalia kwa ndimi za shaba, vipande vyembamba vilivyofungwa upande mmoja, upepo ukipita vinatetemeka. Ulimi mrefu sauti nene, ulimi mfupi sauti nyembamba. Sasa kuna koo mbili. Wa kwanza ni harmoni ya Kifaransa, aliyoisajili Debain huko Paris 1842: mivukuto inasukuma upepo nje kupitia kwenye ndimi. Wa pili ni wa Kimarekani: mivukuto inanyonya hewa ndani. Kwa sikio ni tofauti pia, wa kunyonya una sauti laini, wa kusukuma unapiga kelele kidogo, unakaripia.

Vifundo vyenye majina kama hayo uliyoyataja, na umbo la kabati, vinaninong'oneza kwamba chako ni cha kunyonya. Lakini usiniamini. Fungua ubao wa nyuma, washa ubani, mwambie mtu akanyage taratibu, bonyeza kibonyezo kimoja halafu sogeza moshi karibu na tundu la ulimi wake. Uone moshi unaingia au unafukuzwa.

---

seremala_wa_mtoni, Ijumaa baada ya Magharibi

Nimefanya. Nimechukua chetezo cha mke wangu (kaniuliza kama nimepandwa na shetani, nikamwambia nakifukiza kinanda cha kanisa, akazidi kuniangalia). Mwanangu kakanyaga. Moshi umenyonywa ndani kama mtu anayevuta sigara. Halafu ukatokea chini kwenye mivukuto, kwa sababu kitambaa chake kimekauka na kupasuka kama mguu wa mvuvi.

Kwa hiyo ni wa Kimarekani. Je, hiyo inamtoa Askofu?

Nyengine niliyoyaona ndani:

Ndimi haziko wazi, zimechomekwa katika vijumba vya mbao safu kwa safu. Nimetumia ndoano ya waya, nimeuchomoa mmoja. Una kutu ya kijani lakini mzima, na umechorwa herufi ndogo kwenye shaba. Chini ya vibonyezo kulikuwa na vidonge vya sufu, vyote vimeliwa na nondo, umebakia unga mwekundu. Chini kabisa, yanapofika magoti ya mpigaji, kuna vibao viwili vinavyosukumwa pembeni. Sijui kazi yake.

---

Ndimi_za_Shaba

Vibao vya magoti: wa kulia unafungua sauti iwe kubwa, wa kushoto unaita vifundo vyote pamoja. Mpigaji mikono ina kazi, miguu ina kazi, na magoti nayo yana kazi. Ndiyo maana wapiga kinanda wa zamani huwaoni wanene.

Kumtoa Askofu, hapana. Mason & Hamlin wa Boston walikuwa wanatengeneza tangu miaka ya 1850, na kabla ya Steere kufariki Marekani ilikuwa inavimimina duniani kote kwa maelfu. Misheni ziliving'ang'ania kwa sababu moja kubwa: piano ikifika pwani, unyevu na joto vinalegeza nyuzi, wiki mbili imeshapotea sauti. Ulimi wa shaba haujali. Unaweza kuuacha masika yote ukaukuta na sauti ileile. Kinachokufa ni mbao, sufu, gundi na kitambaa cha mivukuto.

---

mtembeza_wageni

Na msisahau Wamarekani walikuwa hapa kabla ya Waingereza hao wa misheni. Mkataba wao na Seyyid Said ni wa 1833, na balozi wao alikaa Unguja tangu 1837. Meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zinashusha vitambaa, ndiyo maana mpaka leo tunasema merikani. Meli inayoleta majora ya merikani haishindwi kuleta sanduku la kinanda. Sisemi kililetwa hivyo. Nasema mlango ulikuwa wazi.

---

Bi_Mkunazini

Wanangu hamjambo. Mimi na lugha kidogo. Neno kinanda lenyewe si la kanisa. Wazee wetu wa pwani kinanda kwao kilikuwa chombo cha nyuzi, jamaa ya gambusi, kinapigwa harusini. Ndiyo maana hata katika Biblia, Zaburi ya 150, mnasoma "Msifuni kwa kinanda na kinubi", na hapo si kabati la kukanyaga, ni nyuzi. Kilipokuja hichi cha vibonyezo kikapewa jina la yule wa zamani, na yule wa zamani akasahauliwa. Halafu harmoni ya Kihindi, ya kupepewa kwa mkono, ikaingia kwenye taarab za pwani. Kwa hiyo fundi usione tabu, kinanda ni mgeni wa kila nyumba.

---

mpemba_wa_weti

Sisi Pemba tulipata bahati nyengine. Mwaka 1897, ule utumwa ulipofutwa kisheria, wakaja Marafiki (Wakristo wa madhehebu ya Quaker) kutoka Uingereza wakakaa Banani, karibu na Chake. Ibada yao ya asili ni kukaa kimya. Hakuna kinanda, hakuna ngoma, hakuna padri. Watu wanakaa wanasubiri mpaka mmoja apate la kusema. Mpemba ukimwambia hayo anakwambia hiyo si ibada, hayo ni mazungumzo ya wakwe.

---

Mla_Urojo

😂😂 Mpemba na kimya wapi na wapi.

---

seremala_wa_mtoni, Jumapili usiku

Wakubwa zangu, leo nimekaa nacho mchana kutwa. Nimeona mambo mawili na sijalala vizuri.

La kwanza. Ndani ya sanduku la upepo mbao zilipopasuka mtu kaziba kwa vipande vya karatasi na gundi. Karatasi zimechapwa, maandishi ya Kiswahili, zimekatwa nyembamba kama utambi. Nyingi hazisomeki. Moja nimeisoma vizuri chini ya taa: "...Mwenyiezi Muungu..." Ndiyo hivyo, Muungu kwa u mbili. Nikadhani ni makosa ya mchapaji, lakini kipande cha pili nacho Muungu.

La pili, na hili ni la fani yangu. Kabati lote ni mti wa kigeni, rangi ya kahawa, nyuzi zake sizijui. Lakini juu ya kila kanyagio, chini ya zulia, kumepigiliwa kipande cha mbao kuliinua. Mbao hiyo ni mfenesi. Mfenesi siwezi kuukosea, ile manjano yake hata ikizeeka ikawa hudhurungi ukiikwangua kidogo inarudi. Na kibao cha goti cha kulia nacho kimeongezwa kipande cha mfenesi kwa ndani, kimelainika kwa kusuguliwa mpaka kinang'ara kama kizingiti. Aliyefanya ni fundi wa hapa, na mkono wake mzuri, kaungana bila skrubu.

Nikakaa kwenye stuli kupima. Magoti yangu yanabanwa, siwezi kukanyaga bila kujigonga. Nikamwita mwanangu wa darasa la nne. Kakaa, miguu imefika sawasawa, goti limegusa kile kibao cha mfenesi bila kujinyoosha.

---

mtembeza_wageni

Fundi!

Hiyo "Muungu" si makosa. Ndivyo Steere alivyoandika, na ndivyo misheni ilivyochapa vitabu vyake vya hapa Unguja. Walikuwa na mtambo wao wa kuchapisha, na vijana waliokombolewa walifundishwa kupanga herufi. Mmisionari aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kitabu cha hadithi za Unguja, vyote 1870, hakuwa mtu wa kuandika ovyo. Biblia ya baadaye ndiyo iliyotuachia Mungu kwa u moja.

Lakini nijikanye mwenyewe kabla hamjanikanya. Karatasi inaonyesha umri wa karatasi. Vitabu vya sala vilitumika miaka mingi, na mtu anayeziba ufa huchukua kitabu kilichochakaa, si kipya. Kinachosemwa hapa ni kwamba kinanda kilikuwa mikononi mwa watu wa misheni hii, na kilitengenezwa hapahapa.

---

Bi_Mkunazini

Mtoto ndiye alikuwa mpigaji, basi.

---

Ndimi_za_Shaba

Au watoto, mmoja baada ya mwingine. Mkuu, Askofu Steere kama angekipiga hicho angepasua magoti.

---

Mzee_wa_Kiungani

Hamjambo vijana. Mimi si mwandishi wa mitandaoni, mjukuu ndiye anayenichapia.

Jina hili nimelichukua kwa heshima ya skuli ya Kiungani, ambako misheni ilikuwa inawasomesha vijana wake wawe walimu na mapadri. Wasichana walikuwa Mbweni, kwenye skuli aliyoiongoza Bibi Caroline Thackeray aliyefika 1877. Kanisa la Mtakatifu Yohana pale Mbweni ni la 1882, mwaka huohuo aliokufa Steere. Watu wanalitaja Mkunazini peke yake kwa kuwa ndilo kubwa na ndilo lina hadithi za nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Lakini waumini wa mwanzo waliishi mashamba, wakilima, na huko ndiko vinanda vidogo vilikuwa vinafanya kazi. Kinanda cha mabomba hakichukuliki. Cha kukanyaga watu wanne wanakibeba mpaka chini ya mwembe.

Mimi nilikuwa mtoto wa kukanyaga. Kanisa letu kinanda kilikuwa kimevuja, mpigaji akikanyaga mwenyewe upepo haumtoshi. Kwa hiyo nilikaa chini sakafuni pembeni mwa miguu yake nikisukuma kanyagio moja kwa mikono miwili, yeye akikanyaga la pili. Ubeti wa nne mikono inawaka moto. Nikichoka sauti inashuka kama ng'ombe anayelala, na kanisa zima linageuka kunitazama mimi, si yeye. Mafuta ya nazi ya nywele zake bado nayasikia.

Huyo mpigaji alikuwa bibi mfupi sana. Alijifunza kwa kusikia, noti hakuzijua. Alikuwa akiniambia yeye kafundishwa na mwenzake wa Mbweni, na yule kafundishwa na mwenzake. Hakutaja hata siku moja jina la askofu.

---

Mla_Urojo

Mzee shikamoo. Nafuta maneno yangu ya juu. Kisiuzwe.

---

mpemba_wa_weti

Tizama Mla Urojo alivyogeuka. Jana alikuwa dalali.

---

mtembeza_wageni

Mimi nitasema la kazi yangu. Mgeni ukimwambia "kilikuwa cha Askofu" anapiga picha anaondoka. Mkunazini kuna msalaba unaosemwa umetokana na mti wa Chitambo, pale ulipozikwa moyo wa Livingstone. Hadithi ile ina mlolongo wake: nani alikata, nani alileta. Kinanda hichi mlolongo wake ni mfenesi na zulia lililochakaa. Nikipewa nafasi nitakieleza hivyohivyo, na najua watu wataniuliza "sasa cha nani?" Nitawaambia cha waliokikanyaga. Kama hawakutosheka, Forodhani kuna mishkaki.

---

seremala_wa_mtoni, Jumatano

Mzee wa Kiungani, shikamoo. Maneno yako nimewasomea wale wazee wawili kwa simu. Mmoja kanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata.

Kazi imefika hapa. Mivukuto nimeivisha kitambaa kipya kizito, nimekipaka mpira wa maji tabaka tatu. Si cha asili lakini hakivuji. Vile vipande vya mfenesi sikuvigusa, nimebadilisha misumari tu. Karatasi za Muungu nimeziacha pale zilipo, zimeshika vizuri kuliko gundi yangu. Tatizo lililobaki ni sufu ya chini ya vibonyezo. Bila hiyo kila kibonyezo kinapiga kak-kak kama cherehani. Madukani wananipa sponji, nami sponji siitaki, miaka miwili inayeyuka.

---

Bi_Mkunazini

Mwanangu, tarbushi. Tarbushi la zamani ni sufu iliyofinyangwa, haina mshono. Lazima nyumba yenu lipo moja sandukuni.

---

Ndimi_za_Shaba

Bibi umeniua. Ni sahihi kabisa, ni sufu ileile. Mkuu, kata vidonge vya duara kwa bomba kali. Na ukimaliza, ndimi zilizopotea sauti usizipinde: kwangua kidogo kwenye ncha sauti inapanda, kwangua kwenye shina sauti inashuka. Kidogo maana yake mkwaruzo mmoja halafu sikiliza. Shaba ikishaondoka hairudi.

---

seremala_wa_mtoni, Jumapili

Lilikuwepo. La babu, jekundu, kishada kimekatika, limetoboka juu. Mama kakubali kwa sharti kishada abaki nacho yeye. Vidonge 61 vimetoka na kipande kikabaki. Mwanangu kavipanga kimoja kimoja kwa kibano.

Kimerudi shamba jana kwa gari ileile. Mtu wa hoteli kapiga simu tena, nimempa namba ya wazee, wao wazungumze naye. Leo wameniita, nimekaa nje chini ya mwembe na wenzangu wawili tuliokibeba. Kapiga bibi mmoja mtu mzima, kavua viatu kwanza. Vox Humana alipoivuta, sauti ilitetemeka kama mtu anayeimba amesimama kwenye ngarawa. Watoto wakacheka.

Kuna ulimi mmoja, wa pili kutoka mwisho upande wa kushoto, haujatulia. Ukikanyaga kwa nguvu unalia peke yake bila kuguswa. Nimemwambia bibi akanyage pole pole mpaka nirudi na ndoano yangu. Kanijibu yeye atakanyaga pole pole, lakini mchana watakuja wale watoto kujifunza, na wale hawaambiwi.